Je, mume na mke walio Ulaya wana deni gani kwetu?



Miezi hii yote swali moja limerudi mbele ya sisi mashemasi, lakini haliji kwa jina lake. Mama anakuja kulia ya kwamba mtoto wake amepotea Poto. Baba anasema bibi ya mwana wake amemfunga mwana. Ndugu anatoa telefone mfukoni na kusema, Tazameni, nilimwandikia tangu juzi, alama inaonyesha amesoma, hajibu. Tukikaa na kuchunguza polepole, tunakuta ya kwamba maneno haya yote ni neno moja: kijana wetu na binti yetu waliooana, wakaenda kukaa Bruxelles, ao Liège, ao Paris, wana deni gani kwa sisi tuliobaki Kisangani? Na deni hilo linakwisha siku gani?

Si swali dogo. Kwa sababu yake tumeona ndoa zikitikisika ambazo zilibarikiwa mbele ya macho yetu.

Maandiko yanatupa maneno mawili. Katika Mwanzo 2:24 tunasoma ya kwamba mwanaume ataacha baba na mama yake na kushikamana na bibi yake, na Bwana Yesu mwenyewe alilirudilia neno hili katika Mathayo 19. Katika Kutoka 20:12 tunaamriwa kuheshimu baba na mama. Wako wanaoshika neno la kwanza kwa mkono wa kuume, wengine wanashika la pili kwa mkono wa kushoto, na wanapigana nayo kama fimbo. Vijana wanasema, Tuliacha. Wazazi wanasema, Mtuheshimu. Na wote wawili wanafikiri ya kwamba Mungu yuko upande wao.

Ingefaa kwanza tujue namna wanavyoishi. Sisi hapa tunasema neno Ulaya kama vile ni duka moja kubwa lisilo na mlango. Tutaeleza juu ya jamaa moja tu, bwana na bibi wa mji huu, bila kutaja jina, sababu nyumba yao si mali ya gazeti.

Kijana alitangulia kwa masomo, akapata kazi, kisha akaomba bibi yake amfuate. Mali ya ndoa ilikuwa imetolewa, ndoa iliandikwa kwenye komine, kanisa likabariki. Kwa kumwezesha kijana kuondoka, baba yake aliuza kiwanja kule Mangobo. Kwa kumwezesha binti kumfuata, jamaa ya binti ilinunua tiketi. Basi pande mbili zilitoa jasho, na hilo tusilisahau katika yote yanayofuata.

Binti hakuondoka upesi. Tangu sheria ya 2011, yule anayetaka kumleta bibi yake Ubelgiji anapaswa kuonyesha mapato ya kutosha na ya kudumu, nyumba inayofaa, na bima ya ugonjwa. Na bibi anapofika, miaka ya kwanza karatasi zake za kukaa zinategemea ndoa ile. Tunaomba mama-wakwe wasome mstari huu mara mbili. Ukimwambia mkamwana wako kwa hasira katika telefone, Nitamwambia mwana wangu akurudishe, hapa kwetu hayo ni maneno ya hasira tu, kesho yamekwisha. Kule ni neno linaloweza kumnyima mtu usingizi mwezi mzima.

Walipata vyumba viwili, orofa ya nne, bila lifti. Mwenye nyumba aliomba dhamana ya kodi ya miezi miwili, ambayo inafungwa benki na haiguswi. Kuandikwa kwenye komine, polisi wa mtaa alikuja kwanza kugonga mlango ili aone kama kweli wanalala pale na kama jina lao liko kwenye sanduku la barua. Walijifunza kutenga takataka: mfuko wa buluu, wa manjano, mweupe, na wa rangi ya machungwa kwa mabaki ya chakula. Walijifunza ya kwamba tangu saa nne ya usiku hakuna kelele. Wale waliozoea fanfare yetu na filimbi zetu, ambao mtaa mzima unajua saa wanayoomba, sasa wanaimba wimbo wa jioni kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, viatu vimevuliwa kama desturi, miguu juu ya sakafu yenye baridi, na hata hivyo jirani aligonga ukuta.

Bibi anafagia na kuosha sakafu za mabiro kabla ya makarani kufika. Bwana anafanya kazi ya ghala mchana mpaka usiku. Diplome yake ya UNIKIS iko katika bahasha, sababu serikali ya kule inapaswa kwanza kuipima na kusema inalingana na nini. Mwezi wa Desemba jua la Bruxelles linatokea baada ya saa mbili na nusu za asubuhi na kuchwa kabla ya saa kumi na moja. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta, ambao jua linatutendea sawasawa mwaka mzima, ni vigumu kuelewa jambo hilo. Bibi anatoka gizani. Bwana anarudi gizani. Wanakutana mlangoni, mmoja anampa mwenzake mtoto na ufunguo. Mtoto yule alipozaliwa, hakukuwa na bibi yake mzaa mama wa kumwosha, wala shangazi wa kupika, wala jirani wa kusema, Lala kidogo, mimi nitamshika.

Siku za juma wanapopumzika wanashuka Matonge, pale Ixelles, kununua sombe na kusikia Lingala na Kiswahili. Kwenye mlango wa mtaa ule, karibu na Porte de Namur, kiwanja kinaitwa Patrice Lumumba tangu 30 Juni 2018, jina la mtu aliyekuwa karani wa posta hapa mjini kwetu. Bwana alipiga foto chini ya kibao kile na kuituma Kisangani. Jibu la kwanza alilopata lilikuwa: Tunaona uko vizuri, ada ya shule ya wadogo wako imefika.

Hapo ndipo tunaingia katika shauri lenyewe.

Juma moja bibi aliketi na kuhesabu maombi yaliyofika katika telefone mbili za nyumba ile. Yalikuwa 12. Matanga, ada ya shule, bati la nyumba, moto ya kufanyia teksi, ugonjwa, arusi, ugonjwa tena. Wakati wa baridi saa yetu inatangulia ya Bruxelles kwa saa moja, na mtu wa hapa anapoamka na shida yake saa kumi na moja ya alfajiri, kule ni saa kumi. Kila mmoja alianza kutuma kwa jamaa yake kwa siri, kisha kila mmoja aligundua siri ya mwenzake. Siku ile hawakusemezana juu ya franga. Walisemezana juu ya mama: mama yako, mama yangu. Wenye ndoa wanajua maneno hayo yanakwenda wapi.

Je, waseme, Tuliacha baba na mama, na kufunga telefone? Wako vijana wanaofanya hivyo, na wanatoa andiko. Kwa hao Bwana Yesu alikwisha kujibu katika Marko 7, alipowakemea wale waliokuwa wanasema mali yao ni korbani, yaani imewekwa kwa Mungu, ili wasimsaidie baba ao mama. Ndoa isigeuzwe kuwa korbani. Mtu anayejificha nyuma ya bibi yake ili asiwajue tena wazee wake hakushikamana na bibi, amemfanya ukuta.

Lakini upande wa pili nao una kosa lake, na kwa maoni yetu ni lile ambalo halisemwi sana katika mikutano yetu. Ni kuchanganya vitu viwili ambavyo Mungu aliviweka mbali: deni na heshima.

Deni lina hesabu. Kiwanja kiliuzwa kwa bei fulani. Tiketi ilikuwa na bei yake, na pasiporti vilevile. Aliyekopa anapaswa kurudisha, na anayekataa kurudisha ni mwizi, hata kama anakopa kwa baba yake. Lakini kwa sababu lina hesabu, deni lina siku yake ya mwisho. Siku ile mtu anasema, Imekwisha, na wanapeana mkono.

Heshima haina hesabu. Hakuna siku ambapo mwana ataweza kusema, Nimekwisha kumheshimu mama yangu. Na kwa sababu haina hesabu, haiwezi kudaiwa kwa hesabu. Heshima ni kuuliza habari, kuomba shauri, kuwataja wazee mbele ya mtoto, kuja kuwazika, na pia, ndiyo, kutoa mkono wakati wa shida, kwa kadiri ya nguvu. Mtu maskini kabisa anaweza kuheshimu wazazi wake kikamilifu. Kama si hivyo, amri ya Mungu ingekuwa kwa matajiri peke yao.

Sasa angalieni yanayotokea tunapovichanganya. Deni linapata tabia ya heshima: halikwishi. Kijana alirudisha bei ya kiwanja mara tatu, lakini kila mwaka anaambiwa, Tuliuza kiwanja juu yako. Na heshima inapata tabia ya deni: inawekewa bei. Mwezi ambao alituma franga nyingi yeye ni mwana mwema, mwezi ambao hakutuma amepotea Poto. Mama hakuwa na nia mbaya. Lakini amekuwa mwenye kudai kwa mtoto wake mwenyewe, na mtoto anapoona jina la mama katika telefone, moyo unaruka kama wa mtu anayedaiwa.

Hata nsinsani yetu, ambayo tunashindana kutoa kwa furaha na nyimbo, ina mwisho. Franga zinahesabiwa, jumla inasomwa mbele ya wote, tunapiga makofi na kwenda nyumbani. Hakuna anayemfuata ndugu mpaka kitandani kwake na sahani.

Kutoka hapo unazaliwa pia uongo. Mnajua foto zile: kijana amesimama mbele ya gari lisilo lake, koti zuri, meno nje. Watu wengi wanawalaumu vijana, nasi tunasema pia ni ushuhuda wa uongo. Lakini ukweli ulipojaribiwa ulipokelewa namna gani? Bwana yule tunayemsema alimwandikia ndugu yake siku moja ya kwamba wamechelewa kulipa kodi ya nyumba. Ndugu alijibu: Uchoyo wa Wazungu umekuingia. Tangu siku ile alirudi kutuma foto. Kama ukweli wa mtu unaitwa uchoyo na uongo wake unaitwa baraka, tutashangaa nini? Na ubaya hauishi pale. Foto ile inaonwa na kijana mwingine wa Kabondo, naye anamshawishi baba yake auze kiwanja.

Sisi waamini wa mji huu tuko na somo karibu ya mlango wetu. Ukifuata reli ya Ubundu, kilomita 125 kutoka ng'ambo ya mto, kisha ukapanda mto tena, unafika Lowa. Ni kule utawala wa Wabeleji ulikowaweka waamini wa Simon Kimbangu waliotolewa Bas-Congo kwa nguvu sababu ya imani yao. Kanisa letu linahesabu jamaa 37 000 waliohamishwa namna hiyo pahali pengi pa Kongo, kati ya 1921 na 1959. Hatulinganishi mateso yao na safari ya mtu aliyeomba viza mwenyewe. Ingekuwa kukosa haya. Tunaangalia jambo moja tu: nyumba ya mume na mke iliyosimama katika inchi ambayo wazee wa upande wowote hawapo, lugha si yao, chakula si chao, mvua si yao.

Walifanya nini? Walilima. Walizaa. Ndugu wa imani aliyekuwa jirani alikuwa mjomba, dada wa imani alikuwa shangazi. Waliomba kwa siri. Na kwa sababu walikubali kuwa na nyumba pale walipokuwa, si kukaa tu na kutazama nyuma, imani ilishika mizizi huku kwetu. Waamini wengi wa Tshopo ni matunda ya jamaa zile. Kama nguvu zao zote zingerudishwa kila mwezi Bas-Congo, wangetuachia sisi nini?

Na Baba Simon Kimbangu mwenyewe? Alikamatwa Septemba 1921, akafa gerezani Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Katika miaka 30 ile hakuweza kulisha nyumba yake. Mama Mwilu Marie alibaki na wana watatu na kundi zima la kuchunga kwa siri. Ni nani kati yetu atakayesubutu kusema ya kwamba mume yule hakuiheshimu nyumba yake? Basi heshima si kitu kinachopita kwenye dirisha la wakala wa kutuma franga.

Tunasema haya pia kwa ajili ya vijana wenyewe, maana wengine watafurahi upesi mno. Mtu aliye na kazi na afya, anayevaa viatu vya bei ya chakula cha mwezi mzima cha mama yake, asichukue maneno yetu kama ruhusa. Na kule Bruxelles kuna parokia yetu. Nyumba isiyo na mjomba karibu iende kwa mashemasi wa kule kabla ya kwenda kwa mwanasheria. Jambo hili ni dogo, lakini tunajua nyumba mbili ambazo zingepona.

Tumesaidia pande mbili za jamaa ile kuketi pamoja, hapa Kisangani, mbele ya kaye moja ya shule. Tuliandika kila kitu kilichotolewa: kiwanja, tiketi, pasiporti, safari ya Kinshasa kwa ajili ya viza. Tuliandika kila kitu kilichorudishwa. Upande wa baba ulikuwa umelipwa zaidi, na mzee alipoona jumla alinyamaza, kisha akaomba yeye mwenyewe tupige mstari. Upande wa binti ilibaki sehemu ndogo, ikagawanywa kwa miezi. Na mume na mke waliahidi kutuma siku moja tu ya mwezi, kiasi kile kile kwa pande zote mbili, kila mmoja akiona kile mwenzake anachotuma, na mwezi wasipoweza, waseme hawakuweza, na wasiulizwe mara ya pili.

Haikuwa kazi ya saa moja. Mjomba wa binti alisimama na kuuliza: Na maziwa ya mama, nani atayaandika katika kaye? Watu walicheka, lakini ni swali la haki. Tulimjibu ya kwamba maziwa hayaandikwi, sababu siku tutakapoyaandika, mama atakuwa amemuuzia mtoto wake, na mtoto akilipa ataweza kwenda zake. Ni kwa kuwa hayalipiki ndiyo maana Mungu alisema waheshimuni, hakusema walipeni.

Mjomba akauliza tena: Na ugonjwa? Mama akipaswa kupasuliwa lopitalini na wao wamesema mwezi huu hatuwezi? Hapo tulikaa sana. Wengine walisema ugonjwa unavunja mapatano yote. Wengine walisema tukifungua mlango ule, kila homa itakuwa upasuaji. Tulikubaliana mwishoni ya kwamba katika ugonjwa mkubwa habari itapita kwa shemasi mmoja, ambaye atakwenda kwanza kumwona mgonjwa na munganga, kisha yeye atapiga telefone kule; na ya kwamba tulio hapa tutaanza sisi kutoa, hata kama ni kidogo, kabla ya kupiga. Mjomba alisema hiyo ni kumfanya shemasi kuwa polisi wa mtaa kama yule wa Bruxelles. Hatukumshawishi kabisa. Alitia sahihi, lakini alisema ataangalia.

Jamaa zenye watoto ng'ambo na zinazotaka kuketi namna hiyo zije na pande zote mbili, si upande mmoja. Mashemasi wanabaki hekaluni kila siku ya Mungu baada ya ibada. Kaye mnaleta wenyewe.